Mwaka Ambao Ng'ombe Hakufika Mikokoni

Ng'ombe wa mwaka ule alikuwa mweusi kama alivyotakiwa, ila alikuwa na doa jeupe chini ya tumbo, upana wa kiganja. Ami, ndugu yake baba na mwalimu wetu wa msikitini, alilipaka masizi ya chungu alfajiri kabla watu hawajatoka msikitini, na mimi ndiye niliyemshikia chungu.

"Nyamaza tu," akaniambia. "Mungu ameliona, yatosha. Si lazima na watu walione."

Nilikuwa na miaka kumi na minane, na kunyamaza hakukuwa kazi niliyoiweza. Lakini siku hiyo nilijitahidi, kwa sababu nilikuwa nimepewa kamba. Kushika kamba ya ng'ombe wa Siku ya Mwaka si jambo dogo kwetu. Ng'ombe huyo huzungushwa mji mzima asubuhi, mwalimu mbele akisoma Yasini, wanaume nyuma wakiitikia, na wanawake milangoni wakifukiza udi. Akirudi pale alipoanzia, mbele ya msikiti, mji umefungwa kwa mwaka mzima dhidi ya maradhi na husuda, na yeye maskini huchinjwa tukala pilau.

Mji wenyewe uko upande wa bara. Ukivuka Makupa, ukaipita Changamwe, kabla hujafika Mikindani, kuna mteremko unaoshuka hadi mahali mkono wa bahari unapoingia ndani, penye mikoko. Watu wa nje walituita kijiji cha Waarabu. Sisi wenyewe tulisema "Mjini" tu, na Mombasa yenyewe tukaiita "kisiwani", kana kwamba wao ndio walio mbali.

Mwanzo wa Mjini una hadithi mbili. Ya Ami ni kwamba mzee wetu wa kwanza alitoka Hadhramaut kuja kufundisha dini. Ya Bibi, mamake baba na mamake Ami, ni kwamba mzee alikuja kuuza tende na papa mkavu, akashikwa na homa, akauguzwa na mwanamke wa hapa aliyekuwa na shamba la minazi, na alipopona akaona haya kuondoka. "Elimu aliipata baadaye," Bibi husema. "Kwanza alipata uji." Zote mbili zinakubaliana juu ya jambo moja: ndui ilipoingia, watu walimzungusha ng'ombe wakisoma, na ndui ikapita. Tangu hapo, kila mwaka, alipopita ng'ombe ndipo penye mpaka. Hapakuwa na ukuta wala jiwe.

Jiji lilitujia taratibu. Kwanza barabara ya Nairobi ikatiwa lami. Kisha zikaja nyumba za wafanyakazi, safu kwa safu, na ndani yake watu wa bara, wanawake wakarimu wenye sauti kubwa waliopanda sukuma wiki hata kwenye mkebe wa rangi. Nilikuwa nikizipenda zile nyumba. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la sita, nikakosa nafasi ya kuendelea, na kazi yangu ilikuwa kumsaidia Ami dukani na kuota ndoto. Ndoto yangu moja ilikuwa ramani. Nilikuwa nikichora ramani za miji isiyokuwapo, kwa mkaa, juu ya ukuta wa Bibi.

"Chora," Bibi alikuwa akiniambia. "Mvua itafuta."

Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa huko chini, tukuitako Mikokoni. Ya mawe na udongo, imeezekwa makuti. Zamani palikuwa na nyumba kumi na moja. Wengine walipanda juu karibu na barabara, yeye akabaki. Nyuma ya nyumba palikuwa na makaburi ya wale wa zamani, na katikati yao kaburi la babu, na makaburi mawili mafupi ya watoto wake waliokufa kabla ya kujua kutembea. Kila asubuhi alikuwa akiwafagilia. Hakuwa akilia. Alikuwa akifagia na kuwapa habari za bei ya unga.

Basi mwaka ule ofisi ya ardhi ikamtuma mpima. Alikuwa Mzungu kijana, shingo nyekundu, mpole kupita kiasi. Kiswahili alikisomea kitabuni, na kitabu hakikumwambia nani aamkiwe vipi, basi alimpa shikamoo kila mtu. Alimpa hata mtoto wa miaka minne pale msikitini, na mtoto akamjibu "marahaba" kwa kiburi kabisa.

Alitaka kujua mpaka wa mji. Ndani ya mpaka, akasema, patabaki kwa wenyewe. Nje yake patakuwa ardhi ya serikali, na huko patajengwa maghala.

Wazee wakakaa barazani wakaanza kumpa mipaka. Mmoja akasema mji unaishia relini. Wa pili akasema ng'ambo ya reli. Wa tatu, aliyekuwa muadhini wetu, akasema mji unaishia pale adhana inaposikika mwisho.

"Kwa sauti yako, yakhe," Ami akamwambia, "Nairobi itakuwa yetu."

Watu wakacheka, mpima naye akacheka ingawa sidhani kama alielewa. Bibi alikuwa akipita na ndoo yake. Akasimama kando ya baraza, buibui kalishikilia mdomoni.

"Mwabishana nini nanyi watu wazima? Muulizeni ng'ombe."

Ami akapiga paja. Siku ya Mwaka ilikuwa imebaki wiki moja. Nikamweleza mpima kwa Kiingereza changu cha darasa la sita: njoo utembee nasi, anapopita ng'ombe ndipo mpaka wetu. Uso wake uling'aa kama mtu aliyepewa zawadi. Akaliandika jina langu katika daftari lake. Sikulala vizuri wiki ile. Nilijiona nimeshaajiriwa.

Siku ilipofika alikuja na viatu vipya vya rangi ya kahawia na soksi nyeupe zilizopanda hadi magotini. Sijapata kuona soksi nyeupe vile. Wanawake wakamnyunyizia marashi kama bwana arusi.

"Huyu mbona hana ndevu?" mmoja akauliza mlangoni.

"Kamuulize mamake!"

"Mamake yuko mbali, ndiyo maana kakonda."

Tukaondoka mbele ya msikiti, tukiuweka mji mkono wa kulia. Ami mbele na Yasini yake, mimi na kamba, mpima ubavuni mwangu akihesabu hatua na kuandika. Alikuwa na dira ya shaba katika mfuko wa ngozi. Tulipopanda upande wa barabara akanipa niibebe, na tangu pale, wallahi, sikuona tena kitu kingine.

Njia yetu ya zamani ilipita katikati ya nyumba za wafanyakazi. Mke mmoja wa mtu wa reli alikuwa anafua nje, akasimama mikono inatona povu.

"Mnampeleka wapi huyo?"

"Twamzungusha mji," nikamwambia.

Akatazama huku, akatazama kule. "Na mji uko wapi?"

"Hapa ulipo."

"Hapa?" Akacheka sana, kisha akaondoa beseni njiani ili ng'ombe apite. "Haya, karibuni kwenu."

Tukateremka. Pale nyuma ya msikiti njia hugawika. Moja huendelea juu, ukingoni, pakavu. Nyingine hushuka Mikokoni, ikapita kwenye tope, ikauzunguka ua wa Bibi na makaburi, ndipo ikapanda tena. Hiyo ya chini ndiyo njia ya ng'ombe. Maji ya mvua za masika yalikuwa yamechelewa kukauka, na bahari ilikuwa imejaa asubuhi ile. Tope lilifika magoti.

Ng'ombe akasimama. Mpima akatazama tope, kisha viatu vyake. Angesema neno, ningemwambia avue, tungecheka, tungepita. Lakini alijikaza tu, akapandisha soksi, kama mtu anayengoja sindano.

Huruma ikanijia. Nataka niseme ilikuwa huruma tupu, lakini na ile dira ilikuwa mkononi mwangu.

"Ami," nikanong'ona. "Mgeni atachafuka."

Ami akageuka akazitazama soksi. Alikuwa mtu ambaye mgeni akija kwake hulala yeye chini.

"Kweli. Mgeni hatiwi topeni."

"Tupite juu?"

"Tupite juu. Tuwasomee wa chini kutoka hapa. Mungu ajua tulikokusudia."

Wala hapana aliyepinga. Mwaka mmoja wa mafuriko walikuwa wamefanya vivyo hivyo, na hapakutokea baya. Tukasimama ukingoni, tukaelekea chini, tukainua mikono tukawaombea wa Mikokoni dua ndefu, nzuri. Kisha nikaivuta kamba, nikamgeuza ng'ombe mimi mwenyewe, tukapita pakavu. Masizi ya tumbo yakamchafua mpima paja la kaptula, lakini soksi zilibaki kama zilivyokuja. Alikuwa akihesabu hatua na kuandika. Hakutuuliza, na sisi hatukumwambia.

Mchana nilimpelekea Bibi sahani yake ya pilau. Nilimkuta ameketi kizingitini. Chetezo kilikuwa mbele yake, makaa yamegeuka majivu, na udi haukutiwa.

"Ng'ombe alikuwa mgonjwa?" akaniuliza.

"La, Bibi. Tulipita juu. Tulimwonea huruma mgeni."

"Mgeni ndiye mgonjwa?"

"Alikuwa na soksi nyeupe."

Akaipokea sahani. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta mato na ncha ya leso.

"Basi alhamdulillahi, soksi zimepona," akasema. Akala pilau. Lakini sikumwona akiutia ule udi, wala jioni hiyo wala siku iliyofuata.

Ramani ilibandikwa miezi michache baadaye, mlangoni pa ofisi ya mudiri, mkuu wa serikali wa upande wetu. Watu wakanisukuma mbele niwasomee. Ilikuwa ramani nzuri, nasema kweli. Mistari myembamba kama nywele. Nikaona msikiti, kisima, duka la Ami. Nikafuata mstari mwekundu kwa kidole, nikipenda jinsi ulivyokwenda, mpaka ukafika nyuma ya msikiti ukapita pakavu. Chini yake palikuwa peupe. Nyumba ya Bibi haikuwapo, makaburi hayakuwapo. Pameandikwa neno moja tu, ghala.

"Soma basi," watu wakasema. "Mbona umenyamaza?"

Ami na wazee wawili walikwenda kisiwani kulalamika. Bwana mkubwa wa ofisi akawakaribisha viti, akawafungulia daftari. Ng'ombe ni wenu, akawaambia, njia ni yenu, na mwalimu aliyekuwa mbele ni huyu hapa. Ami akarudi bila kofia. Aliisahau kule, na hakuwa mtu wa kusahau kofia.

Kumwambia Bibi nilikwenda mimi. Nilimkuta makaburini, akifagia. Nikamwambia yote: mstari, ghala, na kwamba wamempa miezi sita. Nikamwambia pia kwamba ni mimi niliyesema tupite juu.

Akafagia mpaka alipofika kwenye kaburi dogo la pili. Kisha akajiinua, mkono kiunoni.

"Kamba alishika nani?"

"Nilishika mimi."

"Basi nenda kaishike tena. Mwambie yule kijana aje kwa miguu yake. Soksi aziache kwao."

Nikenda kisiwani kesho yake. Karani wa mlangoni aliniuliza nina barua, nikasema nina ujumbe wa bibi yangu, akacheka na wenzake wakacheka. Nilikaa kwenye ngazi mpaka saa sita. Mpima alipotoka kwenda kula akanitambua, akanipa shikamoo. Nilikuwa nimetunga hotuba njiani, maneno makubwa ya kitabu. Yote yalinitoka. Nikamwambia tu: siku ile tulikosea njia kwa ajili ya viatu vyako. Huko chini kuna babu yangu.

Alisimama pale juani, mkate wake mkononi, na shingo ikazidi wekundu. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba palikuwa na huko chini.

Alikuja Jumapili. Alivua viatu kizingitini pa Bibi, akavua soksi, akazikunja akaziweka juu ya viatu. Bibi alimtazama miguu.

"Kumbe unayo kama yetu," akasema. Kisha akanigeukia. "Na ng'ombe?"

"Bibi, ng'ombe hatuna. Hela za ng'ombe huchangwa mwaka mzima."

"Kutembea bila ng'ombe ni matembezi tu. Sikuwaita matembezini mimi."

Ami akapanda mbio hadi nyumba za wafanyakazi. Alirudi na mbuzi jike, mweusi kwa bahati, na nyuma yake yule mke wa mtu wa reli mwenyewe, amejifunga kanga kifuani.

"Nimemkopesha tu," alikuwa akisema. "Mnasikia? Huyu si wa kuchinja. Ana maziwa huyu."

"Hatumchinji, mama," Ami akasema. "Twataka miguu yake tu."

Basi tukazunguka Mikokoni, mwalimu na Yasini yake, mimi na kamba ya mbuzi, Mzungu aliyekunja suruali, na mama yule akituchunga kwa macho asije mbuzi wake akapotea. Tope lilikuwa baridi na laini. Mpima alizama mara mbili, na mara ya pili nilimvuta kwa mkono. Alihesabu kila hatua. Makaburini alisimama kwenye kila jiwe, nikamwambia ni nani, naye akatia kitone katika daftari. Penye yale mawili mafupi aliuliza tena, akidhani nimerudia. Nikamwonyesha kwa mikono urefu wao. Akatia vitone viwili.

Bibi alitungoja mlangoni, udi unafuka.

Kabla hajaondoka alisema ukweli, na kwa hilo nimemheshimu hadi leo. Mstari ulikwisha kutiwa saini na wakubwa, hauna wa kuurudisha. Nyumba hataweza kuiokoa. Lakini ramani, akasema, ni lazima ionyeshe kilichopo, na makaburi yapo, na njia ya kuyaendea ipo, ameipita yeye mwenyewe. Hizo ataziandika, na atakayejenga hataweza kuzifunga.

Nilimfasiria Bibi neno kwa neno.

"Nyumba ni yangu," akasema. "Nami nitapanda juu na miguu yangu. Wao hawawezi kupanda. Mwambie asante."

Mpima alikuwa na haya nyingi kiasi kwamba aliondoka na viatu mkononi, akaziacha soksi. Tulimtumia salamu aje azichukue. Tukaambiwa amehamishwa.

Nyumba ilivunjwa baada ya mvua za masika. Ukuta wenye ramani zangu ulianguka mzima mzima, ukalala chali, na kwa dakika chache miji yangu yote ilitazama juu. Bibi akaja kukaa kwetu, akalalamika juu ya kelele za barabara, akafanya urafiki na mke wa mtu wa reli, wakawa wanabishana juu ya kunde kutwa nzima. Ghala likajengwa, na ua wa waya. Na nyuma ya msikiti, waya ule unapokutana na njia, pana mlango wa mbao, mpana kiasi cha kupita ng'ombe. Mwenye ghala aliuweka shingo upande. Lakini ramani mpya ilikuwa na mstari wa vitone hadi makaburini, na mimi nilikuwa nimeshainakili kwa mkono wangu, nimempa Ami aitundike dukani.

Mwaka wa uhuru, miezi michache kabla ya bendera mpya, wazee walikuwa wakibishana barazani usiku na mchana juu ya mwambao utakuwa wa nani. Siku ya Mwaka iliwakuta humo humo. Ng'ombe alikuwa mweusi kweli, bila masizi. Nilishika kamba tena, ingawa wakati huo nilikuwa na kazi kisiwani, ninayo hadi leo. Nashika mnyororo wa kupimia ardhi, na tukifika kijiji chochote ninauliza kwanza wazee hupita wapi siku yao kubwa. Wenzangu hunicheka.

Tulipofika nyuma ya msikiti hakuna aliyetazama njia ya juu. Mlinzi wa ghala, mtu wa bara, akafungua mlango wa mbao.

"Mnampeleka wapi?"

"Mjini," Ami akamjibu, bila kukatiza Yasini yake sana.

Tukaingia topeni. Bibi alikuwa ametangulia tangu asubuhi. Alikuwa amesimama pale palipokuwa na kizingiti chake, hapana mlango, hapana ukuta, nyuma yake bati la ghala linang'aa. Chetezo kilikuwa mkononi, na kwa kuwa kilikuwa cha moto alikuwa amekishika kwa soksi moja nyeupe, iliyoungua ungua kidoleni. Nyingine, nilivyosikia, humfaa kwa kuteremshia sufuria.

Hakututazama nyuso. Aliinama akaangalia kwato za ng'ombe, akaangalia miguu ya Ami, akaangalia yangu, tope hadi magotini.

"Ee," akasema. "Sasa mumefika." Akautia udi.